Goli Langu la Kichwa Mbele ya Shule Nzima

Nimeumbuka! Ilianza jana Ijumaa, saa nane na dakika kumi mchana, kwa uwanja wa shule yetu hapa Kitengela. Nyinyi mliohamia Namanga mtasikia tu kwa watu, kwa hivyo afadhali msikie kwangu.

Mgeni alikuwa Nyundo. NYUNDO! Yule straika wa zamani wa timu ya taifa, aliyefunga kwa kichwa mpaka wapinzani wakawa wanamwekea mabeki wawili. Mimi niko na daftari lake tangu darasa la tatu. Baba akimaliza gazeti, nakata picha. Goli lake la kwanza, penalti aliyokosa (nililia), hadi siku alipostaafu akabebwa mabegani. Ukurasa wa mwisho niliuacha wazi. Nilitaka kitu kimoja tu: aweke sahihi hapo.

Mwalimu wa michezo akanichagua nimvishe shanga. Mimi! Mimi ambaye nikiulizwa jina naangalia viatu.

“Ni rahisi,” akasema. “Yeye anainama, wewe unamvisha. Halafu unaomba sahihi yako.”

Wiki nzima nilifanya mazoezi nikivisha jerikeni. (Jerikeni haikunisumbua hata siku moja.)

Nyundo akashuka kwa gari. Mrefu! Kitambi kidogo, lakini miguu bado ile ya magazetini. Akaja moja kwa moja kwangu. Moyo ukapiga danadana.

“Habari yako, msichana wangu?”

Hapo akili ikaenda mapumziko. Mnajua nimelelewa ploti moja na Koko Nashipae. Sisi ni watu wa Kakamega, lakini huyo nyanya Mmaasai humpiti bila kuinamisha kichwa akiguse, ndio umesalimiwa. Miaka tisa nimeinama. Nikiona mtu mzima ninayemheshimu, kichwa huenda chenyewe.

Kikaenda. Kwa kasi! Na Nyundo naye alikuwa anainama avishwe shanga.

PAA!

Puani kabisa. Damu ikashuka kwa shati jeupe. Halafu mtu wa Form Four akapaza sauti: “GOOOLI!”

“Pole sir! Nilikuwa nakusalimia!”

“Hivi ndivyo mnasalimia watu Kitengela?” Akabana pua, akageukia umati. “Mabeki wa Afrika nzima walinikanyaga, wakanivuta jezi. Hakuna hata mmoja alinitoa damu!” Akanirudia. “Wewe unavaa namba ngapi?”

“Sina namba, sir. Mimi ni wa kwaya.”

Woi! Wakacheka mpaka mwalimu mkuu akashika meza. Nyundo akapelekwa ofisini na pamba puani. Mimi nikakimbilia nyuma ya jikoni, shanga mkononi, daftari nimeliacha kwa nyasi. Ukurasa wangu mtupu, basi.

Jioni mwalimu wa michezo akapita kwetu na daftari. Alikuwa anauma midomo asicheke. Nikafungua ukurasa wa mwisho. Sahihi! Na tone moja la damu, na maneno haya: “Goli safi. Sikuliona likija.”

Nililala nalo chini ya mto.

Leo asubuhi nimeenda kwa Koko Nashipae. Nikasimama mbali, nikanyoosha mkono.

“Mkono?” akasema. “Kwani mimi ni mgeni? Leta kichwa.”

Nikainama polepole, jicho moja kwake. Akaweka mkono. Juu ya nundu ya jana kabisa! Nikapiga nduru, ikabidi nimweleze yote.

Tafadhali msicheke. Koko bado anacheka, anatosha.