Pingamizi la Kufukuzwa kwa Generali, Mbwa wa Ghorofa ya Pili

Chumba Na. 9, Doornfontein,
Johannesburg.
Juni 2016.

Kwa Mzee Burhani,
Mwenyekiti wa Kamati ya Wapangaji.

Shikamoo Mzee wangu, kama mnavyoamkiana kwenu Tanga. Sisi wa Uvira hatuna salamu hiyo, lakini leo nina shida, nimeiazima.

Nimesoma tangazo mlilobandika ukutani, kwamba mbwa wa aina ya pitbuli ni marufuku jengoni na kwamba Generali wangu awe ameondoka kufikia Jumamosi. Nimelala njaa kwa uchungu. Yeye amekula chakula chake, akala na changu. Kwa heshima zote, naleta malalamiko yangu:

1. Kamati haikumuuliza mtu yeyote kama Generali amewahi kung'ata. Imemhukumu kwa upana wa kichwa. Mzee, mimi na wewe tukipimwa vichwa, nani atabaki humu ndani?

2. Aliyeng'ata mtu jengoni mwaka huu ni Bwana Elisée, fundi bomba wa ghorofa ya nne, siku ile ya mpira, na sikio la jirani yetu Salum ni ushahidi. Sikusikia mafundi bomba wakipigwa marufuku. Mkewe Benita alimfungia ndani wiki nzima na kumnyima bia, na tangu hapo anatusalimia vizuri. Hiyo ndiyo sheria ninayoitaka: anayemiliki awajibike.

3. Ni kweli Generali alikuja na kasoro. Bosi niliyekuwa namlindia nyumba huko Midrand, alipohamia Australia, aliniachia yeye badala ya kiinua mgongo. Alikuwa akibwekea watu weusi tu. Hata mimi alinibwekea miezi miwili, huku nikimlisha. Lakini hakuzaliwa hivyo, alifundishwa. Nikamfundisha upya, kwa upole na kwa miguu ya kuku, na leo anamlaki kila mtu kwa mkia, hata wanaokuja kukata umeme.

4. Kwa hiyo napendekeza leseni apewe mwenye mbwa, si mbwa. Afanyiwe mtihani. Achanjwe. Asiyeweza kushika kamba afungwe yeye hiyo kamba, atembezwe asubuhi na jioni hadi Braamfontein na kurudi, na mjumbe mmoja wa kamati amfuate nyuma na mfuko wa plastiki. Akirudia kosa, afungwe mdomo, hasa siku za mikutano.

5. Hili naliandika bila mzaha. Mwaka jana, mwezi wa nne, mimi na wewe tulijifungia chumba kimoja, kwa sababu watu waliokuwa wakiwasaka wageni kule mtaani hawakutaka kujua nani amefanya nini. Walitaka kujua tumetoka wapi. Nilikuwa naogopa sana, nawe ulinishika mkono. Sikutegemea kwamba mkono ule ule ungetia sahihi ya kumfukuza kiumbe kwa sababu ya ukoo wake. Imeniuma, Mzee.

6. Tangazo lenyewe limebandikwa juu ya ratiba ya kufua, palepale palipoandikwa zamu yangu.

Nisalimie Mama Zubeda na watoto, na wanakamati wote, pamoja na yule aliyenyoosha mkono mmoja kupiga kura dhidi yetu huku kwa mkono wa pili anampapasa Generali tumbo. Nasubiri jibu kabla ya hiyo Jumamosi. Zaidi ya Generali, sina mwingine wa kunipokea nikirudi nyumbani.

Mpangaji wako mtiifu,
Placide, mlinzi.

N.B. Nasikia chumba cha kumi, kinachopakana na changu, mnataka kumpa kijana wa nchini kwetu, kutoka Kinshasa. Naomba asipewe. Sijamwona na jina lake silijui, lakini watu wa Kinshasa wote ni walewale. Hata Generali analijua hilo: akisikia Kilingala chao tu, anatoa meno. Nimemfundisha mimi mwenyewe.