Jibini Lililoteremka Montefiorano

Jumatano, 14 Mei

Nimewahi! Jina langu ni la kwanza kwenye orodha ya safari ya parokia, Jumamosi, kwenda Montefiorano, kile kijiji cha kale juu ya kilima. Nives anakwenda. Mjane, macho ya kijivu, akicheka mabega yote yanacheka. Lengo langu ni moja tu: nirudi nimekaa kiti cha pembeni yake kwenye basi. Kikwazo ni Gualtiero, mfamasia mstaafu, ambaye bado ana meno yake yote na anayaonyesha ovyo.

Padri Fulgenzio ametangaza kwamba siku hiyo wanakijiji wanashindana kuvingirisha jibini, na wageni wanakaribishwa. Nikajikuta nimesema, mbele ya Nives, kwamba ujanani nilikuwa bingwa. Gualtiero akauliza bingwa wa wapi. Wa mkoa, nikasema. Ukishaamua kudanganya, ubahili wa nini?

Alhamisi, 15 Mei

Mazoezi ukumbini nyumbani. Unachukua jibini gumu la duara, unalizungushia mkanda, unatupa huku umeshika ncha, mkanda unafunguka, jibini linakimbia. Rahisi! Limekimbia hadi kabati la vyombo. Dada yangu Orietta, ninayeishi naye, anasema mzee anayetupa chakula akapimwe kichwa. Wivu.

Jumamosi, 17 Mei

Gualtiero kakaa na Nives kwenye basi! Kamletea peremende za kuzuia kichefuchefu kwenye kona za barabara. Mwizi mkubwa. Mimi nilikaa na Padri, akasali rozari njia nzima, na mimi niitikie.

Montefiorano. Wenzangu wakapiga picha kila mlango na kila paka. Mimi nilikuwa naupima mteremko. Zamu yangu ikafika. Nikamtupia Nives jicho, nikarusha. Jibini likaenda nyuma! Mkanda niliuzungusha upande usio wake. Likapita kati ya miguu ya Padri, likashuka kichochoro cha kanisa, likatoka lango la chini, likapotelea kwenye mizeituni. Wanakijiji wakashangilia, kisha wakanipa sheria yao: jibini likitoka nje ya ukuta wa kijiji, aliyelitupa hakai mezani kula chakula cha mchana mpaka arudi nalo. Gualtiero akanipigia kelele kutoka ukutani: "Bingwa! Mkoa uko huku juu!"

Nililikuta mtaroni. Nikapanda nalo kifuani, ulimi nje. Jiko limeshafungwa! Mpishi akasema hata Baba Mtakatifu akija sasa hivi, atasubiri jioni. Wenzangu walikuwa wanajifuta midomo. Nikakaa kwenye ngazi za kanisa na njaa yangu na aibu yangu. Nilitaka kulia, nakiri.

Nives akaja. Peke yake! Akatoa kisu mkobani, akakwangua matope, akakata vipande viwili, chake na changu. Akasema habari ya ubingwa haiamini hata chembe, ila tangu mumewe afariki hajacheka kiasi kile. Kurudi, akakaa na mimi. Gualtiero akapata Padri na rozari yote!

Kaniomba jambo moja tu. Nikitaka kukaa naye tena, niache uongo. Nikaapa, mkono kifuani.

Jumapili, 18 Mei

Baada ya misa Nives kaniuliza kama nitakwenda safari ya Juni, ziwani. Yeye anaogopa mashua. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, na kwamba huu ni ukweli mtupu, kama nilivyoapa: kabla ya jibini, nilikuwa nahodha.

Kesho natafuta mtu wa kunifundisha kuogelea.