Keki ya Mnada Iliyonifanya Nijifungie Chooni

Leo yamenikuta. Nawaandikia mapema, kabla hamjasimuliwa na wengine na kutiliwa chumvi. Aibu niliyoipata mchana huu hapa Old Kampala, ingekuwa inauzwa, ningefungua duka la jumla.

Mlionijua enzi za Luzira mnajua nilikuwa nani. Nyumba inatazama ziwa. Mpishi yupo. Mtunza bustani yupo (bustani yenyewe ungeivuka kwa hatua chache, lakini tulikuwa na mtunza bustani). Msusi anakuja nyumbani kwa teksi niliyoilipia mimi. Na kwenye mikutano ya harusi, hapo ndipo nilipokuwa malkia. Nyie wa Kampala mnaijua: ndugu na marafiki wanakaa chini ya hema, kila mmoja anasimama kutoa ahadi mbele ya watu, halafu mwishoni keki inapigwa mnada na pesa inaingia kwenye harusi. Keki hiyo nilikuwa nainunua mimi. Kila mara! Hata pale ambapo bibi harusi simjui. Wakanibatiza Mama Keki, nami nikalipenda jina kuliko hata lile nililopewa na wazazi.

Kisha biashara ya mume wangu, Baba Nasra, ikayumba. Malori yakaondoka moja baada ya jingine mpaka likabaki moja, nalo lina mkopo wa benki. Tukahama Luzira. Sasa tunaishi ghorofani, juu ya duka alilotuachia babu yangu. Baba Nasra ametengeneza bajeti ameibandika kwenye friji. Nyama ni Ijumaa. Msusi ni binti yetu Nasra, na anavuta nywele kama ananidai. Yote hayo nimeyakubali, wallahi, isipokuwa jambo moja tu: sikumwambia mtu yeyote. Kwa watu, tulihama Luzira kwa sababu ya unyevunyevu wa ziwa. (Unyevunyevu! Na watu wakanipa pole!)

Sasa sikilizeni. Kesho ndiyo siku ya kulipa benki, na walishatuonya kwamba tukichelewa tena wanalichukua lori. Pesa yote tuliyojinyima kwa ajili hiyo ilikuwa kwenye simu yangu. Asubuhi Baba Nasra alikuwa anaelekea Port Bell kupakia mzigo, akasimama mlangoni. Yeye ni Mnubi, Kiswahili chake ni kile cha barabarani.

"Mama Nasra, leo iko mkutano ya Safina?"

"Iko."

"Wewe nakwenda?"

"Ni rafiki yangu, nitaachaje kwenda?"

"Na keki?"

"Keki sitaigusa."

Akaniangalia kama mtu anayemwacha mbuzi karibu na shamba la mahindi. "Wewe nagusa keki, lori nakwenda," akasema, akashuka ngazi.

Safina tumekua pamoja. Binti yake Halima anaolewa na kijana kutoka Kongo, mfanyabiashara wa vitenge, na kwa heshima ya wakwe mkutano unaendeshwa kwa Kiswahili, kila mtu na chake. Mpango wangu ulikuwa rahisi: nifike nimechelewa, nikae nyuma karibu na geti, nitoe bahasha yangu ndogo kimyakimya, nitoweke kabla ya mnada. Nikavaa gauni la enzi zile na mkufu unaong'aa. (Mkufu wa dhahabu tuliuza zamani. Huu ni wa kwenye meza ya barabarani.)

Sikufika hata kwenye kiti.

"Mama Keki!" Alikuwa Ssalongo, ndivyo Waganda wanavyomwita baba wa mapacha, mwenyekiti wa kamati na ndiye mpiga mnada. "Nnyabo, mama, hapana kaa huko nyuma kama mpita njia! Kuja hapa mbere! Hii halusi tutaanza namna gani bila wewe?"

Watu wakapiga makofi. Nikapelekwa mstari wa mbele, ana kwa ana na keki. Ya waridi, imepikwa na mke wa Ssalongo mwenyewe. Tukatazamana, mimi na keki.

Ahadi zikaanza. Hajji mmoja mwenye kanzu inayong'aa akasimama, akaahidi ng'ombe. Vigelegele! Mwingine akaahidi mchele. Zamu yangu ikafika, nikasema kwa sauti ya kifalme, "Mimi mtanisikia baadaye." (Lo! Walinisikia.) Nilipoona Ssalongo anakunja mikono ya shati kujiandaa na mnada, nikamnong'oneza Safina kwamba tumbo halijakaa vizuri, nikanyanyuka nikaenda chooni nikajifungia.

Ile ni nyumba ya zamani ya Wahindi. Choo kiko uani, na juu ukutani kuna matundu ya kupitisha hewa. Upande wa pili wa ukuta ndiko walikoweka meza ya kamati. Nilikuwa namsikia Ssalongo neno kwa neno. Lakini haikunijia akilini kabisa kwamba ukuta una pande mbili.

"Keki hatuuzi mpaka Mama Keki arudi!" akatangaza. "Tunamngoja! DJ, weka muziki!"

Jamani. Nilidhani watauza wamalize. Kumbe mkutano mzima umesimama unasubiri tumbo langu.

Nikampigia Baba Nasra. Kule Port Bell ni kelele za injini na wapakiaji, huku kwangu muziki unapiga. Hasikii. Basi nikapaza sauti.

"Njoo unitoe huku! Wananisubiri ninunue keki!"

"Nini? Iko wapi?"

"Chooni! Nimejifungia chooni kwa Safina!"

Na hapo, ndugu zangu, umeme ukakatika. Muziki ukafa palepale. Mimi je? Nikaendelea na sauti ileile.

"Sema ukweli tu," akasema Baba Nasra. "Sema pesa hapana."

"Unataka nife? Mimi Mama Keki nisimame niseme sina? Pesa iliyo kwenye simu ni ya benki! Nikiitoa, kesho wanachukua lori, tutakula nini? Na keki yenyewe ya mke wa Ssalongo ni ngumu kama tofali, ile ya mwaka jana tuliishia kuwapa kuku! Na Hajji naye anaahidi ng'ombe kila harusi, umewahi kumwona hata mmoja? Hata mkia? Mimi nilikuwa nalipa kweli, ndiyo maana leo nasukwa nywele na Nasra!"

Nikanyamaza kuvuta pumzi. Ndipo nikagundua muziki haupo. Kisha kutoka upande wa pili wa ukuta, karibu kabisa, nikamsikia mtu anakohoa. Halafu sauti ya bibi mmoja, taratibu:

"Banange. Hata kuku."

Nikawaza kupanda nipite kwenye matundu ya hewa, lakini hata mkono usingepita. Nikawaza kukaa mle mpaka harusi ipite. Mwishowe nikafungua mlango, nikatoka, nikatembea mpaka hemani. Hajji alikuwa anachunguza viatu vyake. Mke wa Ssalongo alikuwa ananichunguza mimi. Nilitamani ardhi ipasuke.

Ssalongo akanisogelea akanong'ona. Nadhani alinihurumia kweli. "Nnyabo, sikia. Taja bei yoyote, mimi napiga nyundo halaka halaka. Watu watasahau."

Na hapa niseme ukweli wangu. Mkono ulikwenda kwenye simu. Ulikwenda wenyewe! Simu nikaishika, nikaona nambari ya siri inanijia vidoleni. Bei moja tu, vigelegele, na mimi ni Mama Keki tena. Halafu nikamkumbuka Baba Nasra, ambaye tangu tuhame hajanunua hata soksi, na wakati huo yuko juani anasimamia mzigo wa watu ili hiyo pesa isipungue.

"Sinunui," nikasema.

"Eh?"

"Sinunui keki!" Sasa nilipaza sauti kwa hiari yangu. "Mmenisikia chooni, nisikieni na hapa. Tuna deni. Luzira tulishindwa kodi, hakuna cha unyevunyevu. Mke wa Ssalongo, nisamehe, dada yangu, midomo imenizidi. Safina, bahasha yangu hii hapa, ni ndogo, lakini hii ni ya kweli."

Nikasubiri kicheko. Badala yake Hajji akasimama. Akaweka sawa kofia.

"Ng'ombe..." akasema, akameza mate. "Ng'ombe hakuna. Mimi mwenyewe nakula maharage tangu Ramadhani. Nipunguzieni, nitaleta mbuzi. Mmoja. Huyo yupo, mnaweza kuja kumwona."

Hema lilipasuka kwa kicheko! Watu walicheka mpaka wakashikana. Mama mmoja akapiga kelele kwamba na yeye ahadi yake ifutwe, aliitoa kwa kumwogopa shemeji. Mwingine akasema nusu. Ssalongo anajaribu kuwatuliza, hakuna anayemsikia.

Ndipo Halima, bibi harusi mwenyewe, akaja na karatasi ya bajeti mkononi. Mtoto mpole, huwa hasemi. "Mama Nasra," akaniambia, "mimi sijawahi kuitaka hii yote. Ila wewe umeandaa sherehe kuliko mtu yeyote hapa. Tusaidie kukata."

Kukata! Mimi! Nikaomba kalamu.

Na hapo, wapendwa, ndipo ulimwengu ulipogeuka. Maana kila kilichokuwa kwenye ile karatasi mimi nimeshawahi kulipia kwa ujinga wangu, na najua kila mahali nilipoibiwa. Keki ya ghorofa? Nikawaambia ghorofa za chini ni maboksi yamepakwa sukari, nimewahi kununua maboksi hayo kwa bei ya jokofu. Kata. Utepe wa viti? Tunakodi viti au tunakodi utepe? Kata. Maji ya chupa yenye picha ya maharusi? Mtu anakunywa, anatupa uso wa bibi harusi jalalani. Kata! Vigelegele vikaanza kila nikikata. Mke wa Ssalongo ndiye aliyekuwa wa kwanza, na wakati huo nikajua nimesamehewa.

"Na hili gari refu jeupe, ni la nani?" nikauliza.

Ssalongo akatazama juu. "La... ndugu yangu mmoja."

"Ndugu gani?"

"Wa karibu."

"Karibu kiasi gani, Ssalongo?"

"Ni langu," akasema. Kata! Watu wakasimama juu ya viti.

Tulipomaliza kujumlisha, pesa iliyokwisha kukusanywa ilitosha, na ikabaki ya kuwapa wapishi posho. Hakuna mnada, hakuna ahadi mpya, hakuna mkutano mwingine. Safina akanivuta pembeni, akanikumbatia, akalia. Akaniambia kesho alikuwa anakwenda kuweka hati ya nyumba kwa mkopeshaji, ili binti yake asionekane ameolewa kimaskini. Tulikaa pale tukilia na kucheka kama wasichana. Miaka yote hiyo tumekaa tunadanganyana, mimi na yeye!

Nikarudi mbele, nikaomba nafasi. "Na mimi nina cha kulipa leo," nikasema, nikainua simu. Nikaingiza akaunti ya mkopo. Nikaingiza pesa yote. Umeme ulikuwa umerudi, Ssalongo akanielewa upesi, akachukua maikrofoni.

"Benki ya Mama Nasra!" akanguruma. "Ya kwanza! Ya piri! Ya tatu... IMEKWENDA!"

Nikabonyeza. Ujumbe wa benki ukaingia, nikausoma kwa sauti, na hema zima likapiga vigelegele kwa rejesho la mkopo. Nimenunua keki nyingi maishani, lakini sijawahi kushangiliwa namna ile. Halima alicheza. Wakwe wa Kongo walicheza. Mimi nilicheza na viatu mkononi.

Katikati ya shangwe hiyo, Baba Nasra akaingia getini anakimbia, ametoka Port Bell kwa boda, shati limelowa jasho. Alikuwa amevisikia vigelegele tangu barabarani, na vigelegele kwenye mkutano wa harusi vikihusu mkewe anavijua maana yake. Uso ulikuwa umemwisha rangi.

"Mama Nasra," akasema, pumzi hana. "Wewe... nanunua nini?"

Nikamwonyesha simu. "Lori," nikamwambia.

Akausoma ule ujumbe. Akausoma tena. Kisha mume wangu, ambaye hata kwenye harusi yetu wenyewe alikataa kucheza, akavua kofia akaingia uwanjani.

Basi ndiyo hivyo. Msinicheke, jamani. Na kama ni lazima mcheke, wenye ahadi za ng'ombe wacheke mwisho.