Kontrola ya Mihimili Mitano kwa Wilaya Tano

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye hakuweza kufika. Mwakilishi wa Mgeni Rasmi, ambaye naye ametuma mtu. Wewe mtu uliyetumwa, karibu sana Songea. Waheshimiwa wa meza kuu. Waheshimiwa mliokosa nafasi meza kuu na mnaniangalia vibaya. Viongozi wa dini. Mafundi wa Mfaranyaki. Kikundi cha ngoma, ambacho naambiwa bado kinavaa. Itifaki, kama kuna mahali imeruka, naomba ijipange yenyewe. Tumsifu Yesu Kristo! (Milele na milele, amina!) Asalaam aleikum! (Waaleikum salaam!) Na wasio na upande, habari za mchana! (Kimya.)

Nasimama nyuma ya mimbari hii madhubuti, iliyovikwa kitambaa cha kijani, mimi Rupert, Mwenyekiti wa Kamati Shirikishi ya Uteuzi wa Kidhibiti-Mwendo, kuwapa taarifa ya utekelezaji. Kwa faida ya wageni: mama yetu Kunegunda, fundi seremala, aliunda kwa mikono yake mashine ya kuchonga mbao kwa kompyuta, ikawa na fremu ya chuma, reli na mota, ikabaki kitu kimoja tu, kile kisanduku kinachoiambia mashine nenda kushoto, rudi kulia, shuka, panda, ambacho ninyi mtaani mnakiita kontrola. Ofisi yangu iliposikia kuna mwananchi anataka kuchagua kontrola peke yake, bila hata kamati ndogo, ilisikitika, ikatuma gari, ikaichukua mashine ili tumsaidie kuchagua. (Makofi ya meza kuu.)

(Kunegunda, kutoka mstari wa tatu: "Mliichukua wakati wa mahindi ya mwaka jana! Paroko anataka milango yake kabla ya Pasaka. Mashine yangu iko wapi?")

Mama, shikamoo. Mashine yako iko mahali salama, tena inatumika kwa shughuli za heshima. Nafasi ya maswali ipo kwenye ratiba, baada ya neno la shukrani na kabla ya chakula, hapo hapo katikati.

Ndugu zangu, kuchagua kontrola si kuchagua nyanya. Ilibidi tufanye fizibiliti, tukaitisha wekishopu ya mastekiholda, tukaandaa rodimapu, kisha wekishopu ya kuielewa rodimapu. Tulikwenda Tunduru kwa ajili ya benchimaki, yaani kujipima na wenzetu, tukaangalia mashine za kukata vito, tukagundua kwamba zinazunguka. Tukaandika: zinazunguka. (Mtu anacheka, anakohoa kuficha.) Utafiti ulionesha kwamba asilimia sitini ya wananchi wanataka kontrola ya kuchomeka kwenye kompyuta kwa waya, asilimia hamsini na tano wanataka ile ya kusimama yenyewe, unaipa kazi kwa flashi, na asilimia arobaini hawajui kontrola ni nini, jumla asilimia mia moja hamsini na tano, ambacho ni kiwango cha uelewa ambacho sijakisikia mkoa mwingine wowote! (Anapiga mimbari kwa ngumi. Ngaa! Mlio wa chuma.)

(Kunegunda: "Wewe Rupert, kuna jambo moja tu la kuuliza. Umeme ukikatika katikati ya kazi, kontrola inakumbuka ilipofika, au mlango wa paroko unaanza upya?")

Suala la kukumbuka, mama, tumelikabidhi kwa kamati ndogo ya kumbukumbu, na mwenyekiti wake amesahau kuja. (Vicheko. "Pole, mlongo!" mtu anamwambia Kunegunda, kama ndugu kwa ndugu.)

Sasa nije kwenye kiini. Mashine ya mama ina mihimili mitatu: wa kushoto na kulia, wa mbele na nyuma, wa juu na chini. Mkoa wetu una wilaya tano. Mnaona hatari? Wilaya mbili zikose mhimili, halafu uchaguzi ufike? Kamati ikaazimia, kwa kauli moja na kwa posho moja, kwamba kontrola iwe ya mihimili mitano, mhimili mmoja kila wilaya. (Kunegunda: "Na mashine ina mitatu!") Mashine ina mitatu, ndiyo, miwili ni mihimili ya viti maalumu, haionekani ila inahesabiwa. Kwa hiyo kesho alfajiri mafundi wetu wataifungua mashine, wa kushoto na kulia utabaki Songea, wa mbele na nyuma utapanda basi la Tunduru, wa juu na chini utakwenda Mbinga, na Namtumbo na Nyasa watapokea barua za pongezi. (Kelele. Anaegemea mimbari, sehemu ya juu inateleza taratibu kushoto, karatasi zake nazo. Anairudisha. Inateleza kulia, laini kama siagi.)

(Kunegunda amesimama: "Calvin, mwanangu, umeona inavyoteleza? Mimbari gani ina reli?")

Kaa chini, mama. Mimbari hii ni ya viwango vya kimataifa.

("Umechagua kontrola gani, basi?")

Tumechagua kuendelea kuchagua. (Makofi ya meza kuu, machache.)

("Basi nirudishie mashine nijichagulie!")

Mama Kunegunda, tuheshimiane mbele ya mtu aliyetumwa. Ofisi haiwezi kurudisha kitu ambacho haikukipokea. Nilitaka jambo hili nilimalizie kwenye shukrani, ila umenilazimisha: mradi huu haujawahi kuanzishwa, haumo kwenye mpango, kamati niliiunda mimi na tulikuwa tunakutana kwangu. Mradi usiokuwepo haukupokea mashine. Hapo kisheria, mama, huna la kudai.

("Kwa hiyo ofisi haina mashine yangu?")

Haina!

("Na hicho unachokiegemea si mali ya ofisi?")

Ofisi haina chuma chochote cha namna hiyo, mwakilishi wa mwakilishi ni shahidi!

("Ahsante, mheshimiwa. Calvin, na wewe fundi wangu Egidi, shikeni huku. Taratibu, msipinde reli.") (Kitambaa cha kijani kinavutwa. Fremu, reli, mota tatu. Ukumbi mzima: "Aaah!" Vigelegele.)

Jamani, bado nahutubia! Karatasi zangu… Basi, kwa kuwa muda hauko upande wetu, nimshukuru mama Kunegunda kwa kutuazima, yaani kwa kutotuazima, mimbari hii. Niwashukuru wajumbe wa kamati ambayo haipo. Na chakula pia hakipo, kwa kuwa kilikuwa chini ya mradi, mtanielewa. Mihimili mitano! Wilaya tano! (Mashine imefika mlangoni, kikundi cha ngoma, kilichomaliza kuvaa, kinaisindikiza.) Nimesema, wilaya… Egidi, hebu niachie hata hicho kitambaa, nishikilie kitu.