Askari Milioni Hamsini wa Mama Esnath

Ilitangazwa kwa kipaza sauti, kutoka Ibighi hadi stendi ya Tukuyu, kwamba Kamati ya Mapokezi ya Vitu Vigeni sasa iko imara. Ilikuwa enzi ya soko huria. Mitumba imeingia, redio zimeingia, na mwenyekiti, Bwana Ackson, hakutaka kitu kingine kipite bila mhuri wake.

Asubuhi moja muuguzi Tulia alitua mezani kwake mtungi unaofuka baridi. Nyuma yake Mama Esnath, mchuma chai wa Matwebe, alishikilia ukuta. Saratani ya damu ilikuwa imemkausha.

"Ni chembe nyeupe za damu yake, mheshimiwa. Wale askari wa mwili. Walipelekwa maabara Ulaya, wakabadilishwa, wakafundwa kuitambua saratani. Ni majaribio ya mwanzo. Wako milioni hamsini."

Ackson alitokwa jasho. Askari milioni hamsini, wamefunzwa ng'ambo, wanaingia Rungwe, naye hana taarifa!

"Kila mmoja alete picha mbili za pasipoti."

"Wakiyeyuka hapa watakufa, mheshimiwa! Na mama naye."

"Utaratibu ni utaratibu."

"Baba," alisema Esnath kwa sauti ndogo, "hao wametoka mifupani mwangu. Niandikishe mimi kwa niaba yao."

Ackson aliliona wazo lina hekima, kwa hiyo akalifanya lake. Akaandika: wakazi wapya, 50,000,000, msemaji wao, Esnath. Akagonga mhuri. Tulia akaukwapua mtungi, mbio wodini.

Askari wakarudishwa mshipani mwake, na homa ikamtwanga Esnath siku tisa. Ackson alipita kila asubuhi kukagua nidhamu ya wageni. Siku ya tano alimkuta anaweweseka, hamjui mtu. Akasahau kukagua, akakaa.

Baada ya miezi miwili damu ilipimwa, ikapimwa tena. Saratani haikuonekana. Madaktari hawakusema amepona. Walisema wataendelea kuangalia. Esnath alishukuru kwa Kinyakyusa, "Ndaga fijo," akarudi kwenye chai yake.

Ukafika uchaguzi wa kamati, ambamo kila mkazi aliyeandikishwa ana kura. Waliopiga kura walikuwa wajumbe kumi na mmoja, na wote walimpa Ackson. Akasimama kushukuru.

"Bado sisi," alisema Esnath kutoka benchi la nyuma. "Wangu wote wamenichagua mimi."

Daftari likafunguliwa. Mwandiko ulikuwa wa Ackson, mhuri pia. Kura milioni hamsini kwa kumi na moja.

Ackson akaomba angalau azungumze na wapiga kura.

Mwenyekiti mpya akamnyooshea mkono. "Zungumza nao. Ila usiwapigie kelele, wako kazini."

Ackson akavua kofia, akainama hadi kwenye mshipa wa kiganja, akakohoa kidogo.

"Ndugu wananchi," akaanza.