Matairi ya Theluji Kijijini Yiti

Jamaa zangu, fedheha ya leo sijapata kuiona, na nimeitafuta kwa mikono yangu mwenyewe. Nawaandikia nyinyi wa Mombasa mapema, maana habari hii ikipita Dubai kwanza itawafikia imeota mkia na pembe.

Mnajua nataka kuoa. Binti anakaa Yiti, kijiji cha pwani nyuma ya milima hii ya Maskati. Nilimuona mara moja tu, kwa shangazi yangu, akimimina kahawa, na tangu siku hiyo usingizi wangu si usingizi. Babake, Mzee Khalfan, aliishi Pemba miaka mingi, na ni mkali. Leo ilikuwa siku ya posa.

Na posa, kama mjuavyo, mwenye kuoa haendi. Wanakwenda wazee, wanamsifu asiyekuwepo. Shida ni kwamba Ami Suleiman, msemaji wetu, ana gari ila hajui kuendesha. (Amenunua kwanza, atajifunza baadaye. Ndiyo mambo ya hapa tangu Sultani mpya aifungue nchi mwaka huu.) Ikabidi niendeshe mimi.

"Leo wewe dereva," akanambia. "Umefahamu? Mguu wako nisiuone ndani ya nyumba ile, na kilemba kishushe mpaka machoni."

"Nimefahamu, Ami."

Gari lilitaka matairi, kwa hiyo asubuhi tukapita sokoni Matrah. Mwenye duka akatuonesha matairi mapana, laini, akasema watu wa mchangani ndiyo wanayoyapenda. Mimi macho yangu yalikuwa pembeni. Kulikuwa na matairi membamba yenye meno marefu, yamefunikwa vumbi.

"Hayo yaliletwa kwa makosa," akasema. "Hakuna anayejua ya nini."

Mimi nilijua! Kule Ulaya nilikosoma nimeendesha gari la mkate theluji mbili nzima. Nikawaambia, haya ni matairi ya theluji, na watu wakasogea. Nikawaeleza theluji ilivyo: inaanguka kimya, huisikii, unaamka mji mzima mweupe, hata punda ukimtazama mgongoni mweupe. Mtu mmoja akasema "Subhanallah" kwa sauti ndogo, nami nikajiona kama niliyeitengeneza theluji mwenyewe. (Hapo ndipo nilipopotea. Sifa ni mbaya, jamaa.)

"Mchanga na theluji ni mtu na ndugu yake," nikatangaza. "Tufungie haya."

Yakafungwa, nikayajaza upepo mpaka yakawa kama jiwe. Ami akanitazama kwa fahari.

Njiani kwenye mawe yalikwenda vizuri, siwezi kuyasingizia. Na milima ile, mimi sijaizoea bado. Haina jani hata moja, imesimama wima pande zote mbili, na ukipita chini yake unajikuta unanong'ona bila ya kuambiwa. Hata Ami alinyamaza, na Ami hanyamazi.

Tulipofika Yiti nikaegesha chini ya nyumba, kwenye wadi, yaani ule mto mkavu wanaoutumia kama barabara. Wazee wakapanda ndani na mafuta yao ya udi. Mimi nikashusha kilemba.

Punde akatoka bibi kizee, mamake Mzee Khalfan, na ndoo mkononi. Hakunitazama. Alitazama milimani.

"Dereva, ondosha gari. Wadi inashuka."

Juu yetu mbingu ilikuwa buluu tupu. Lakini kule milimani kulikuwa kweusi tii. Nikawasha gari, nikakanyaga mafuta, na matairi yangu yakafanya kazi yaliyoumbiwa: yakachimba. Kule Ulaya yanachimba mpaka yakutane na barabara chini ya theluji. Yiti, chini ya mchanga kuna mchanga. Kila nikikanyaga, gari linajizika.

Kisha nikasikia sauti, kama mawe yanayosagwa. Ukuta wa maji ukatokeza kwenye kona, rangi ya chai ya maziwa, umebeba mtende mzima na mizizi yake, na hapakuwa na tone la mvua. Jamaa, nilisahau posa. Nilisahau hata kuogopa. Nilisimama nikatazama, nikasema mwenyewe, Ewe Mola, na haya pia ni yako?

Maji mazito yalipita katikati. Pale pembeni tulipata ulimi wake tu, ila ulinitosha kupanda juu ya paa la gari, kanzu nimeikunja mpaka magotini, kiatu kimoja kimekwenda baharini. Kijiji kizima kikatoka kunitazama. Ami naye akatoka, kikombe cha kahawa bado mkononi.

Mzee Khalfan akaingia majini hivyo hivyo. "Toeni upepo kwenye matairi. Leteni makuti." Wanaume wakaja kila upande, wakashika chuma, wakaita "Yallah," na gari likanyanyuka, mimi nikiwa juu, likapelekwa ukingoni kama kitanda. Nguvu kama zile sijaziona kwa watu.

Mzee Khalfan akainama. "Matairi gani haya?"

"Ya theluji," nikajibu.

Akatazama kushoto, akatazama kulia. "Nani aliyeyachagua?"

Ami akawahi. "Huyu dereva tu. Wa kuajiriwa. Hatumjui."

"Mfukuzeni leo."

"Tutamfukuza inshallah."

Nami nikatikisa kichwa kukubali. Lakini yule bibi alikuwa ananitazama usoni, maana kilemba kilishachukuliwa na maji.

"Dereva wenu," akasema, "ana pua ya marehemu Nasor wa Wete."

Nasor ni babangu. Ami akatazama ndani ya kikombe kana kwamba kuna mtu humo wa kumsaidia.

Mzee Khalfan akamgeukia Ami. "Nimeambiwa ndani kijana ni mtulivu, na hafanyi jambo asilolijua. Tulikuwa karibu kuinua mikono kusoma Fatiha ya posa, mkapiga kelele."

Nikajua nimekosa mke.

Akafuta matope viganjani, akainua mikono pale pale. "Basi tusome. Nasor alikuwa hivi hivi, na hapakuwa na mtu mwema kumshinda. Ila siku ya harusi, kijana, njoo na punda."

Tukasoma Fatiha, mimi na kiatu kimoja, na machozi yalinitoka, sioni haya kusema. Tulipoitikia amin, dirishani juu kukasikika kicheko cha msichana, akijaribu kukizuia na kikimshinda.

Kwa hiyo tafadhali msinicheke. Yuko aliyepewa ruhusa hiyo kwa Fatiha, na nadhani ataitumia maisha yangu yote.