Sagasamu ya Meno Mawili

Jumatatu, 4 Agosti

Msimamizi wa wafagiaji katoa amri. Kuanzia Jumatatu ijayo, marufuku mtoto mgongoni kati ya ndoo za dawa. Ama nimpatie binti yangu mahali pa kukaa, ama nimpeleke kwa bibi yangu, safari ya siku mbili. Ana miezi saba! Nililia kidogo, halafu nikakumbuka kwamba mimi si mtu wa kulia. Mimi ni mtu wa mipango.

Mpango wenyewe: kuna kiti kitupu katika chumba cha mwani, kiti cha msaidizi wa Daktari, mtafiti wa mwani katika kituo hiki cha bahari, si tabibu. Chumba kina dirisha. Kina kona kavu. Kina kapu kubwa la kubebea mwani, na humo mwanangu keshalala mara mbili bila ruhusa ya mtu. Daktari, mama mtu mzima asiye na papara, atachagua msaidizi Ijumaa.

Mpinzani: Bi Lebo. Tunamwita hivyo kwa kuwa hubandika lebo kila kitu, hata kikombe chake cha chai. Ana cheti, na kalamu kila sikio. Mimi shule niliiacha njiani. Lakini jicho ninalo.

Daktari alinieleza nikipiga deki kwamba mwani wake wa kahawia, ule wenye vipovu vya hewa vinavyouelesha majini, jina la ukoo wake ni sagasamu. Ukoo mkubwa, aina mamia. Anayepata aina isiyojulikana ndiye anayeipa jina. Basi! Nitapata moja kabla ya Ijumaa, nami nitaipa jina la mwanangu. Nani atamfukuza mtoto mwenye mwani wake?

Kabla ya kutoka nikabadilisha magazeti yaliyoloa kwenye rafu za kukaushia, kama kila siku. Hakuna aliyenituma. Mke wa dobi hawezi kuona kitu kibichi akakiacha hivyo hivyo.

Meno Mawili (ndivyo tunavyomwita mtoto tangu yaote wiki jana) kang'ata kona ya shajara hii. Hang'atuki.

Jumanne, 5 Agosti

Ushindi! Maji yalipokupwa nilishuka kwenye miamba nyuma ya jengo. Dakika kumi, aina tatu mpya. Ya kwanza majani mapana kama ulimi wa mbuzi. Ya pili membamba kama kamba ya kiatu. Ya tatu imejaa vijitunda vilivyojipanga kama shanga. Wenzangu wanasoma miaka!

Jioni. Si ushindi kamili. Bi Lebo aliuliza kama nimezichuma mwamba mmoja. Nikasema ndiyo. Shina moja? Nikasema shina ni moja, ila matawi ni tofauti. Alicheka mpaka kalamu ya sikio la kushoto ikadondoka. Kumbe sagasamu huweza kuwa na majani mapana chini, membamba juu, na vitunda vya uzazi kwenye matawi. Mwani mmoja, sura tatu.

Daktari hakucheka. Alisema, "Mwanangu, mtu humtambui kwa kiganja. Niletee mzima, na kishikio chake." Kishikio ni ile sahani ndogo inayoubana mwani kwenye mwamba, kwa maana mizizi hauna. Akaongeza kwamba hata wasomi wakubwa wamewahi kuupa mwani mmoja majina mawili matatu. Kwa hiyo nimekosea kama wasomi wakubwa. Nimeanza vizuri.

Jumatano, 6 Agosti

Nimeupata mzima, na kishikio chake, urefu wa mkono wangu. Tatizo ni kukausha. Kwa taratibu za Daktari, mwani hutandazwa kwenye karatasi, hufunikwa kitambaa, juu magazeti, juu mbao, juu mawe, na magazeti hubadilishwa kila siku wiki nzima. Wiki! Haraka haraka haina baraka husemwa na wasio na pasi.

Baba Mtoto ni dobi. Pasi ipo. Nikapiga.

Kwanza mvuke. Kisha mwani ukageuka kijani! Vitabu vyote vya chumba kile nimevipangusa vumbi, na picha za sagasamu nimeziona: kahawia, kahawia, kahawia. Nikacheza mwenyewe jikoni. Meno Mawili akacheza kwa kukaa. Baba Mtoto alinipongeza, halafu akauliza kwa upole mbona mashati ya wateja wake yananuka pwani.

Alhamisi, 7 Agosti

Daktari aliutazama kwa kioo cha kukuzia. Akaugeuza, akautazama tena. Nilidhani anatafuta maneno ya pongezi.

Akachukua kipande cha sagasamu ya kawaida, akakitumbukiza kwenye kikombe cha Bi Lebo, maji ya chai yakiwa bado ya moto. Kikageuka kijani mbele yetu. Alieleza kwamba kijani kimo ndani siku zote. Kahawia ni kama koti juu yake, na joto hulivua koti. Bi Lebo alilalamikia chai yake. Daktari akaniuliza kama nimepiga pasi. Nikauliza pasi gani. Akaninyooshea karatasi. Alama ya ncha ya pasi ilikuwa hapo pembeni, nzuri kabisa.

Nililia kwenye stoo ya mafagio. Kidogo tu. Meno Mawili alinishika shavu kwa mkono unaonata mwani. Nyumbani nikakunja nguo zake za safari, nikazitazama, nikazikunjua. Kujikwaa si kuanguka.

Ijumaa, 8 Agosti

Daktari alituita sote wawili. Kwanza akafungua kabati la Bi Lebo, ambalo hulifunga kwa ufunguo. Mwani wote umeota ukungu, lebo safi juu yake. Kisha akafunua rafu za wazi. Mwani mkavu, bapa, rangi yake ya kahawia imetulia. Akauliza nani amekuwa akibadilisha magazeti haya.

Bi Lebo akazitazama lebo zake. Mimi nikaona kesi inakuja. Nikasema sijagusa kitu, labda upepo.

"Upepo unaokunja magazeti kama mashati?" Daktari akauliza.

Nikakiri. Akasema kiti ni changu, na kapu la mtoto niliweke kwenye kona kavu. Bi Lebo ataandika lebo, mimi nitakausha. Masharti: pasi marufuku, na nisitangaze aina mpya kabla ya kumwuliza.

Anasema ni kwa ajili ya magazeti. Watu wazima wana haya. Najua ni ile ya kijani iliyomgusa.

Jumatatu, 11 Agosti

Siku ya kwanza kitini! Mwanangu kapuni, juu ya matawi niliyochuma alfajiri. Saa nne, ugunduzi. Tawi lililokuwa chini ya kidevu chake lina majani yasiyo na mfano. Kitabu kinasema kingo za majani huwa laini, au zenye meno kama msumeno. Haya yana mapengo madogo, mawili mawili, sambamba kabisa, kila jani!

Bi Lebo alitazama jani. Akamtazama mtoto. Akauma midomo, akarudi kwenye lebo zake. Wivu.

Daktari nitamwuliza, bila shaka. Lebo nimeshaandika kwa mkono wangu: Sagasamu ya Meno Mawili. Na ajabu kubwa zaidi, alfajiri majani haya yalikuwa mazima. Mwani unaobadilika mtu akigeuka tu! Hata wasomi wakubwa hawajapata bahati hii.